Mheshimiwa Waziri, El Nino peke yake haitoshi kutueleza vuli

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi

Mheshimiwa, salaam. Nakuandikia wewe kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa iko chini ya wizara yako. Wenzangu wengi hapa Muheza hudhani iko Kilimo, nami nilidhani hivyo mpaka majuzi.

Utabiri wa vuli ukishatoka, kinachofika kijijini ni neno moja tu: El Nino, yaani joto lisilo la kawaida katika Bahari ya Pasifiki, ipo, au haipo. Ikiwepo, watu wanazibua mifereji. Isipokuwepo, tunakaa kutazama mawingu. Ombi langu ni kwamba taarifa inayosomwa redioni iitaje Bahari ya Hindi, tena iitangulize.

Mwaka 1961 hapakuwa na El Nino, lakini vuli ilimwagika hivi kwamba kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na kawaida yake, na bado mafuriko yakatukuta Afrika Mashariki. Miaka yote hiyo miwili bahari upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, na ile ya karibu na Sumatra imepoa. Mara nyingi hewa hupanda juu ya Indonesia, ikanyesha huko, kisha ikashuka huku kwetu ikiwa kavu. Joto likihamia upande wetu, mzunguko huo hulegea, pengine hugeuka kabisa, na upepo wa mashariki hutuletea unyevu. Wataalamu huiita hali hiyo dipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1997 dipoli na El Nino vilikutana, na mvua ile wazee wanaitumia hadi leo kuhesabia umri wa watoto. Mwaka 2015 El Nino ilikuwa na nguvu kama ile, dipoli haikuwa na nguvu vile, na kishindo cha 1997 hakikujirudia.

India wamelisumbukia jambo hili kwa zaidi ya karne. Mwanahisabati Gilbert Walker alikabidhiwa ofisi yao ya hali ya hewa mwaka 1904, akatafuta kwa nini monsuni, yaani pepo zinazowaletea mvua za katikati ya mwaka, hunyesha sana mwaka huu na kukatika mwaka ujao. Ndiye aliyeonyesha kwamba kanieneo la hewa la Pasifiki na la Bahari ya Hindi hupanda na kushuka kwa kupokezana. Kwao El Nino mara nyingi hupunguza mvua, si kuiongeza kama kwetu. Hata hivyo mwaka 1997, pamoja na El Nino kubwa, monsuni yao ilikuwa ya kawaida. Mwaka 2002, El Nino ikiwa ndogo zaidi, mvua ilipungua kwa asilimia 19. Na upepo wa kusi unaopita pwani yetu mwezi Juni ndio huo huo unaovuka ikweta kwenda kuwanyeshea.

Kuna na hili. Mwaka mmoja mama yangu alipanda debe zima la mahindi baada ya mvua ya kwanza ya Oktoba. Jua likawaka karibu wiki tatu. Alichuma jani moja, akalisugua kiganjani, likawa unga. Novemba mvua ikarudi kwa hasira, na jumla ya msimu ikawa juu ya wastani, kama tulivyoambiwa. Utabiri ulikuwa sahihi, shamba limekufa. Makundi ya mawingu huizunguka dunia kuelekea mashariki kwa siku 30 hadi 60, na yanapokuwa mbali nasi vuli hukatika katikati. Wataalamu wako huyafuatilia wiki mbili au zaidi kabla. Taarifa za siku kumi zipo, Mheshimiwa. Zifike kwa afisa ugani wa kata, naye azibandike pale mashineni tunaposaga unga.

Na msiogope kutupatia asilimia za uwezekano wa mvua. Mkulima anayepanda robo tatu ya shamba na kuacha robo ameshapiga hesabu hiyo.

Mama amekwishanunua mbegu. Anauliza apande lini.

Wako,
Mkulima wa Muheza