Mwizi! Kaibiwa nani?

Mhariri,

Kila video ya mtu aliyepigwa na umati inaposambaa, husemwa kwamba siku hizi tuna roho mbaya, tunarekodi badala ya kusaidia. Mimi nashona nguo kwenye baraza linalotazama kituo cha daladala huku Mbagala, na sikubaliani. Wanaopiga huwa wachache. Wengine wamezunguka tu, wanatazamana, na kwa kuwa hakuna anayesema neno, kila mmoja anadhani wenzake wameafiki.

Mwaka jana kijana alikamatwa hapa. Alishavuliwa shati, na tofali lilishaokotwa. Mama muuza mihogo akaacha karai motoni, akapenya katikati: "Kaibiwa nani? Ajitokeze!" Kimya. Akarudia. Hakujitokeza mtu. Akamnyooshea kidole kondakta: "Wewe, mpigie mjumbe." Akawageukia bodaboda: "Wanangu, mkalisheni kwenye benchi, asiguswe wala asikimbie." Wakatii papo hapo, utadhani walikuwa wanangoja kutumwa. Polisi walimkuta amekaa, mdomo umevimba, lakini hai. Kama aliiba kweli, hilo ni la hakimu.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa kamera za mitaani katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika ugomvi 219 uliochunguzwa, mara tisa kati ya kumi alipatikana angalau mtu mmoja wa kuingilia kati, na watu walipokuwa wengi ndivyo uwezekano ulivyoongezeka. Ugomvi wa mtaani si sawa na kelele za mwizi, najua. Huku kwetu anayeamulia huambiwa "mwenzake huyo!" akaunganishwa kwenye kipigo. Yule mama aliponea kwenye kujulikana. Nusu ya kituo wanamdai au anawadai. Mgeni nisingemshauri ajaribu peke yake.

Ndiyo maana naomba serikali za mitaa na viongozi wa vijiwe vya bodaboda wapange mapema: nani anayefahamika atauliza aliyeibiwa yuko wapi, nani atapiga 112, kina nani watamzingira mtuhumiwa mpaka polisi wafike. Kijiwe cha hapa kina mwenyekiti, katibu na mfuko wa kuzikana, na foleni ya abiria inaheshimiwa kuliko ya hospitali. Hawawezi kushindwa na hili.

Fundi Cherehani,
Mbagala, Dar es Salaam