Risala ya VHT (wahudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji, Busia, Uganda, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mheshimiwa mwenyekiti wa LC3 (baraza letu la serikali za mitaa), viongozi wa dini, wazee wetu na mama zetu, habari za mchana. Karibuni sana Busia na poleni na vumbi, sisi tushalizoea.

Historia yetu fupi. Tulianza 2020 wakati wa lokidauni, VHT wachache tu tunapita nyumba kwa nyumba, na leo hii sisi ndo kikundi cha kuigwa mpaka ng'ambo ya mpaka (Wakenya wenyewe wanajua), tuna mradi wa sabuni, tuna tenti, na viti hivi mlivyokalia ni vyetu, isipokuwa vile vya mbele vyenye vitambaa, vile tumeazima kanisani.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe, chanjo.

Mheshimiwa utakumbuka Machi 2021 Uganda ilipokea dozi zake za kwanza za chanjo ya korona kupitia COVAX, ule mpango wa dunia wa kugawana chanjo, dozi 864,000 kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 40. Zilitengenezwa India, na mwezi huohuo India ikabana mzigo maana korona ilikuwa imewawakia kwao, hatuwalaumu sana. Lakini Kanada walikuwa wameshaagiza za kumchanja kila raia mara kadhaa! Afrika Kusini nao wakauziwa AstraZeneca dola 5.25 dozi moja wakati Ulaya wanalipa dola mbili na kidogo, yaani mwenye kidogo ndo anatozwa zaidi, hiyo hesabu imetushinda. Huku shule zikakaa zimefungwa mpaka Januari 2022, mabinti wetu wengine wakarudi darasani na watoto mgongoni, wengine hawakurudi kabisa.

Wakubwa wakasema haitajirudia. Mei 2025 kule Geneva wakapitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, wakapiga makofi, ila kile kipande chenyewe cha nani atapewa chanjo ngapi wakaahirisha. Hiyo tabia ya kuahidi leo na kupanga baadaye tunaifahamu vizuri mheshimiwa, hata hapa wilayani ipo.

Maana friji ya kituo chetu cha afya imekufa. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, sasa tunaletewa kwa boda ndani ya kiboksi chenye barafu, siku moja moja, na jioni kinachobaki kinarudishwa, na mafuta ya boda tukichelewa kupewa basi hata kiboksi hakiji. Mama katoka shamba saa kumi, anakuta nesi anafunga kiboksi, anaambiwa arudi wiki ijayo. Hii chanjo ya malaria iliyoanza Aprili 2025 inataka mtoto achanjwe mara nne, miezi 6, 7, 8 na 18, huyo mama atarudi mara ngapi? Chanjo iko Uganda, mtoto yuko Uganda, na bado hawakutani. Tunawasema Wazungu kwa kujilimbikizia lakini mjini friji zipo na umeme upo, sisi wa kijijini ndo mkia wa foleni kule duniani na mkia tena hapa nyumbani.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi friji ya sola, tukapiga vigelegele, tukamchinjia mbuzi, picha zipo. Wa mwaka jana akasema iko njiani. Hatukuuliza njia gani, tuna heshima zetu.

Kwa hiyo mheshimiwa tunaomba friji moja ya sola, ile ya chanjo jamani siyo ya soda, na fundi wa kuifunga, na mtu wa kuitengeneza ikigoma. Mengine (sare, gambuti, baiskeli) yako kwenye barua, hayo yanaweza kungoja. Mwekahazina wetu anakuletea karatasi ya kuandika tarehe na sahihi, chakula kitafuata baada ya hapo.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi