Barua ya wazi kwa nyie mlioanza kuprogramu na sasa mnataka kuacha

Wanangu, hamjambo.

Nawaandikia nyie mlioanza lugha ya kwanza ya kuprogramu, mkafika kwenye lupu (kuiambia kompyuta irudie kazi) na fanksheni (kipande cha programu chenye jina lake), na sasa hivi kila siku mnasema "hii kitu sio ya kwangu, hii ni ya watu wa hesabu". Miaka yote niliyokaa kwenye hii kazi nimewasikia wengi wakisema hivyo hivyo, na wengine walikuwa na vichwa vizuri kuliko mimi, shida yao ilikuwa namna walivyokuwa wanajifunza tu. Hesabu yenyewe inayotakiwa huku mwanzoni ni kujumlisha, kutoa, na kujua kipi kikubwa kuliko kipi, basi. Kwa hiyo hicho kisingizio kiwekeni pembeni tuongee.

Tumalize kwanza hili la lugha gani, maana najua ndio mnabishania kutwa. Chagua moja ukae nayo. Python ya Guido van Rossum ipo tangu 1991, JavaScript toleo lake la kwanza Brendan Eich aliliandika kwa siku kumi mwaka 1995 na mpaka leo ndio iko ndani ya karibu kila ukurasa mnaofungua, C ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na bado watu wanaiandika, yaani hakuna inayokufa kesho asubuhi. Mtu akiniuliza anaanza na ipi namwambia Python, kwa sababu haikusumbui na mabano mengi na nukta mkato kila mwisho wa mstari, ila kama umeshaingia JavaScript na uko katikati, usihame. Najua kwa nini mnahama. Somo la kwanza ni rahisi kwenye kila lugha, unaprinti salamu, unajumlisha namba mbili, unajisikia mtaalamu, halafu ukifika pale pagumu unaruka lugha nyingine unarudi tena kwenye somo la kwanza unajisikia mtaalamu upya. Mtu anaweza kuzunguka hivyo mwaka mzima ana lugha tano na hakuna hata moja anayoweza kuandikia kitu kinachofanya kazi. Pale pagumu ulipopakimbia kwenye Python utapakuta vile vile kwenye Java (lugha nyingine, sio JavaScript), pamekusubiri.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Wengi wenu mnaangalia tu. Video inaenda, mwalimu anaandika, wewe unatikisa kichwa, kila mstari unaeleweka, mnamaliza, unafungua faili tupu uandike mwenyewe na hakuna kinachokuja, kichwa cheupe kabisa. Hapo ndipo mtu anajiona mjinga, wakati kilichotokea ni cha kawaida sana, kwenye ile video maamuzi yote alishayafanya mwalimu. Yeye ndiye aliyeamua tuanze na listi (orodha ya vitu), yeye ndiye aliyeamua lupu ikae hapa na jibu lirudi vile, wewe kazi yako ilikuwa kukubali tu. Na kuprogramu ni kuamua, kule kuchapa ni sehemu ndogo sana. Ni kama mtu aliyesikiliza lugha ya watu miaka anaielewa vizuri tu, ila mwambie aongee uone atakavyogugumia.

Kwa hiyo simamisha video kabla mwalimu hajaandika, andika wewe kwanza, hata kama ni utumbo mtupu, halafu ndio umwache aendelee uone yeye kafanyaje. Na mwanzoni msikopi na kupesti, chapeni kwa vidole vyenu, kwa sababu ukichapa ndio unasahau nukta pacha, unakosea jina, unaacha mabano wazi, na hayo ndiyo unayotakiwa kukutana nayo mapema. Ukikopi kila kitu kinafanya kazi na hujui kwa nini.

Ila jambo kubwa ninalotaka mlishike, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike, ni hili: kabla hujaendesha programu, sema itatoa nini. Sema kwa mdomo au andika kwenye karatasi. Programu nzima usiiendeshe "tuone" kama mtu anarusha jiwe gizani. Angalieni hii hapa, ni ya kujumlisha namba, na nimeshaiona kwa wanafunzi wengi tu:

namba = [4, 8, 15]
for n in namba:
    jumla = 0
    jumla = jumla + n
print(jumla)

Mwanafunzi anategemea 27, anaendesha, inatoa 15. Hakuna meseji nyekundu ya kosa, hakuna kulalamika, kompyuta imetoa 15 na imetulia zake. Sasa anayejifunza vibaya anaanza kubadilisha badilisha, anaongeza alama hapa, anatoa kule, anaendesha tena, anabadilisha tena, mpaka kwa bahati inatoa 27, anafurahi, anaendelea, na hajajifunza chochote. Kesho atakwama pale pale.

Chukua karatasi. Chora safu mbili, moja ya n, nyingine ya jumla, halafu jifanye wewe ndio kompyuta, usiwe na akili kuliko yenyewe, fanya kile tu kilichoandikwa. Mzunguko wa kwanza n ni 4, jumla inawekwa 0, halafu inakuwa 4. Mzunguko wa pili n ni 8, jumla inawekwa... 0. Hapo hapo umeshaona. Kila mzunguko inafuta ilichokusanya na kuanza upya, kwa hiyo mwisho inabaki ile namba ya mwisho peke yake, 15. Ule mstari wa jumla = 0 ulitakiwa ukae juu, kabla ya lupu kuanza. Hii ya karatasi mnaidharau kwa sababu inaonekana ya kitoto na ya polepole, lakini ni kazi ya dakika chache tu, na mtu akiifanya kwa bidii kwa wiki kadhaa huwa anaanza kuona mambo hayo bila karatasi, macho yanapita tu kwenye kodi, yaani maandishi ya programu, na kichwani anajua nani ana thamani gani. Hao mnaowaita majiniasi ndicho wanachofanya, hakuna uchawi. Na kama karatasi huitaki kabisa weka print ndani ya lupu ikuonyeshe thamani kila mzunguko, mimi mwenyewe mpaka leo natumia, kuna watu watawacheka kwamba kuna vifaa vya kisasa vya kutafutia makosa, waacheni wacheke.

Haya, meseji nyekundu sasa. Hivi kwa nini mnaziogopa? Mtu anaona maandishi mengi yametokea anafunga haraka haraka kama ametukanwa. Wanangu, ile meseji ndiyo rafiki pekee uliyenaye humo ndani, ni kompyuta inakuambia imeshindwa wapi na kwa nini. Kwenye Python anza kuisoma kutoka chini, mstari wa mwisho kabisa ndio unaotaja kosa, halafu panda juu kidogo utaona namba ya mstari. Chukua huyu anayemuuliza mtu umri wake kisha anataka kuongeza mwaka mmoja:

umri = input("Umri wako: ")
print(umri + 1)

Anaandika 20, inakatika, inamwambia TypeError: can only concatenate str (not "int") to str. Inatisha, sawa, na ni Kiingereza, sawa, ila isome taratibu: inasema naweza kuunganisha maandishi na maandishi, hii namba unayonipa siwezi. Kumbe kila kinachoingia kwa input kinaingia kama maandishi, hata ukiandika 20 yenyewe inaona herufi mbili, 2 na 0, haijui kama ni namba. Ukiandika int(input("Umri wako: ")), yaani igeuze kuwa namba kwanza, imeisha. Mtu akishaielewa hii mara moja hataisahau, maana ameelewa kwamba thamani zina aina, kitu ambacho kwenye video kilipita na hakukitilia maanani.

Tahadhari moja tu, namba ya mstari sio lazima iwe ndiyo yenye kosa. Ukisahau kufunga mabano mstari wa 6, Python za zamani zilikuwa zinalalamikia mstari wa 7, na mtu anakaa nusu saa anaukodolea macho mstari wa 7 ambao hauna hatia yoyote. Kuanzia toleo la 3.10 la mwaka 2021 meseji zimekuwa na huruma zaidi, zinakuambia kabisa mabano haya hayajafungwa, na ukikosea jina la variabo (jina linalobeba thamani, kama jumla hapo juu) zinakuuliza ulimaanisha hili? Kwa hiyo kama una toleo la zamani kwenye kompyuta yako weka jipya, utapunguza machozi. Ila hata hivyo zoea kuangalia mstari wa juu yake pia.

Na msidhani makosa ni ya wanaoanza. Mwaka 1949 Maurice Wilkes pale Cambridge, mtu aliyeongoza kuijenga EDSAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa duniani, alikuja kueleza baadaye kwamba siku moja yuko kwenye ngazi ikamjia ghafla kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itaishia kutafuta makosa kwenye programu zake mwenyewe. Huyo ndiye aliyeijenga mashine! Na mwaka 1999 chombo cha anga cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika sayari ya Mars kwa sababu programu moja ya huku duniani ilikuwa inatoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea ikidhani ni vya metriki. Namba zilipokelewa bila programu kukatika. Ndio maana nimewasumbua na ile 15 hapo juu, kosa linalokatisha programu ni afadhali kuliko kosa linalokaa kimya likakupa jibu.

Kuhusu hizi akili mnemba, najua mnazitumia na siwezi kuwakataza, ningekuwa kijana na mimi ningezitumia. Ila kuna namna mbili. Kuna yule anayesema "niandikie programu ya kufanya hivi", anapewa, anapesti, anapeleka, na ile faili tupu ikija tena yuko pale pale. Na kuna yule anayesema "hii kodi yangu nilitegemea itoe 27 imetoa 15, usinipe jibu, niulize maswali mpaka nione mwenyewe". Huyu wa pili amepata mwalimu asiyechoka. Na kama umeshapewa jibu, sawa, lisome, lielewe, kisha lifute lote uandike mwenyewe bila kuchungulia. Ukishindwa ujue hukulielewa, ulilikubali tu.

Hivyo hivyo mkija kwa binadamu. Mtu anaandika "kodi yangu haifanyi kazi msaada jamani" na picha ya skrini imepigwa kwa simu, imekaa upande, nusu haionekani. Sasa hapo mimi nikusaidie nini? Niambie ulitaka itoe nini, imetoa nini, meseji imesemaje neno kwa neno, na umeshajaribu nini, weka kodi yenyewe kama maandishi. Nawahakikishia nusu ya maswali mtayajibu wenyewe wakati mnayaandika hivyo, utafika katikati ya sentensi useme ala, kumbe.

Mnaniuliza pia mtu ajifunze saa ngapi kwa siku. Nusu saa kila siku inatosha kuanzia, na ni bora kuliko Jumamosi moja ya kukesha halafu unapumzika wiki mbili, ukirudi umesahau hata ulipoishia. Ukikwama sana ondoka, tembea, lala, kichwa kinaendelea na kazi bila wewe. Na tengeneza vitu vidogo unavyovitaka mwenyewe, programu ya kukumbuka madeni unayowadai watu, ya kubahatisha namba, ya kuhesabu maneno kwenye faili, vitu vya mistari 20 au 30. Huo mtandao wa kijamii mnaotaka kuanza nao uacheni kwanza.

Kwa kuanzia nawapa hii ya leo. Una listi [-7, -3, -12], tafuta namba kubwa kuliko zote kwa lupu, bila kutumia max (amri ya Python inayokupa kubwa moja kwa moja), na kabla ya kuendesha andika kwenye karatasi unategemea nini. Wengi wenu mtaanza na kubwa = 0 na itawatolea 0, namba ambayo haimo hata kwenye listi, sasa msije kwangu kabla hamjachora zile safu mbili.

Mzee wenu