Orodha ya viunganishi sikutumii

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wanafunzi wako wameanza kusimama mbele ya wenzao kutoa hotuba za kuarifu. Umeniomba orodha ya viunganishi, ndefu kadiri itakavyowezekana, uwagawie kabla hawajaanza kuandaa. Sikutumii. Usininunie kwanza, sababu ninayo.

Orodha hizo unazijua vizuri kuliko mimi: aidha, vilevile, isitoshe, fauka ya hayo, hatimaye. Mwanafunzi akishaipata, huchukua hotuba ambayo tayari ameiandika, akapachika neno moja mwanzoni mwa kila sentensi, akaona kazi imekwisha. Matokeo yake ni haya: "Moyo una vyumba vinne. Aidha, damu huingia upande wa kulia. Vilevile, huenda mapafuni. Isitoshe, hurudi upande wa kushoto. Hatimaye huenda mwilini." Kila sentensi ni ya kweli, na viunganishi vimejaa tele, ila msikilizaji haambulii kitu. Anadhani anahesabiwa mambo manne yaliyo kando kando, kumbe anasimuliwa safari moja. Na hiyo "isitoshe" ndiyo inayonichekesha kuliko zote, utadhani damu imefanya utovu wa adabu kurudi moyoni.

Sasa sikiliza mtu aliyeielewa safari hiyo: "Damu iliyokwisha kutoa oksijeni yake huingia upande wa kulia wa moyo. Kutoka hapo husukumwa mapafuni. Huko hupata oksijeni mpya, kisha hurudi moyoni, safari hii upande wa kushoto. Upande huu una kazi nzito zaidi kwa sababu ndio unaoisukuma damu mwili mzima, na ndiyo maana ukuta wake ni mnene kuliko wa upande wa kulia." Angalia kilichoshikilia maneno hayo. "Kwa sababu" ipo, "ndiyo maana" ipo, lakini kazi kubwa imefanywa na "kutoka hapo", "huko", "safari hii" na "upande huu". Sijawahi kuona orodha ya viunganishi yenye "huko" ndani yake.

Kiswahili kimeficha viunganishi vyake vingi ndani ya maneno mengine, na hili ndilo ningependa darasa lako ulitumie muda mrefu. Vionyeshi hushika mkono wa sentensi iliyopita: hapo, humo, huyo, hayo. Kitenzi nacho hubeba uhusiano tumboni mwake. "Maji yakichemka, mvuke hupanda" ina sharti na wakati kwa pamoja. "Maji yanapochemka" inatuweka kwenye kitendo chenyewe. "Maji yasipochemka" inafungua mlango wa jambo lingine kabisa. Ile -ka- ya masimulizi inapanga matukio kwa mfuatano bila kuhitaji "halafu" hata moja: aliiweka darubini mezani, akaliinua jicho, akaona. Wanafunzi wako wanavitumia vyote hivi wakisimuliana mambo yao wakati wa mapumziko. Wakisimama mbele ya darasa wanaviacha mlangoni kwa kuwa wameaminishwa kwamba kiunganishi cha heshima ni lazima kiwe "fauka ya hayo".

Kwa hiyo uanze na uhusiano, neno lifuate. Wanaisimu Halliday na Hasan, walipochambua mwaka 1976 jinsi matini inavyoshikamana, waliviweka viunganishi katika mafungu manne: vya kuongeza, vya kupinga, vya sababu na vya wakati. Mafungu hayo usiyape darasa yakiwa jedwali la kukariri, yageuze yawe maswali. Sentensi hii inaiongezea nini ile iliyotangulia? Inaipinga? Inaieleza chanzo chake? Au imekuja baada yake tu? Mwanafunzi asiyeweza kujibu, hata umpe orodha ya kurasa kumi, atachagua neno kwa sauti yake linavyovuma.

Zoezi ninalolipenda ni hili, na halihitaji chochote zaidi ya watu watatu. Wa kwanza anatoa sentensi moja ya kweli. Wa pili anataja kiunganishi tu, anyamaze. Wa tatu analazimika kuimalizia. Tuseme wa kwanza amesema, "Mbu jike hunyonya damu." Wa pili akisema "kwa sababu", wa tatu atahitaji kujua kwamba jike anatafuta protini ya kutengenezea mayai. Akisema "lakini", itabidi aseme kwamba dume hanyonyi damu, yeye huishi kwa maji matamu ya maua. Akisema "kwa hiyo", jibu ni kwamba mbu anayeeneza malaria ni jike peke yake. Sentensi ile ile, viunganishi vitatu, na kila kimoja kimedai maarifa yake. Wa tatu akikwama, mwache akwame kidogo. Pale alipokwama ndipo pa kwenda kusoma.

Hapo ndipo nilipotaka tufike, Mwalimu. Kiunganishi kibovu mara nyingi si kosa la lugha, ni shimo katika ufahamu wa mada. Chukua hotuba ya historia ya chanjo. Mwanafunzi anasema: "Mwaka 1796 Edward Jenner alimchanja mtoto kwa usaha uliotoka kwenye kidonda cha ndui ya ng'ombe, na mtoto huyo hakupata ndui. Kwa hiyo mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetokomezwa." Sarufi haina kasoro, na miaka yote miwili ni sahihi. Lakini hiyo "kwa hiyo" imeruka miaka 184 kwa pumzi moja. Usimwambie amekosea kiunganishi. Muulize: kama chanjo ilijulikana tangu 1796, mbona ndui iliendelea kuua watu hadi karne ya 20?

Atarudi vitabuni. Atakuta kwamba chanjo ya zamani iliharibika upesi kwenye joto, hadi ilipopatikana iliyokaushwa, inayoweza kusafirishwa mbali bila kuharibika. Atakuta kampeni ya dunia nzima iliyopewa nguvu mpya mwaka 1967, na sindano yenye ncha mbili iliyorahisisha kuchanja. Atakuta mbinu ya kumsaka kila mgonjwa na kuwachanja wote waliomzunguka, badala ya kutegemea kuchanja umati peke yake. Atafika kwa mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida, Somalia, mwaka 1977. Akisimama tena, utamsikia mwenyewe akisema "hata hivyo", "ndipo", "kutokana na hilo", "hadi". Hukumfundisha neno hata moja kati ya hayo. Yamekuja yenyewe kwa sababu sasa ana kitu cha kuunganisha.

Jambo lingine ambalo insha haitufundishi: msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma. Msomaji akipotea hurudia aya, lakini msikilizaji akipotea amepotea, na hotuba inaendelea bila yeye. Ndiyo maana hotuba inaruhusiwa kujirudia pale ambapo insha ingekemewa. Wafundishe sentensi zenye mguu mmoja nyuma na mwingine mbele: "Tumeona damu inavyofika mapafuni, sasa tuifuate inavyorudi." Sentensi nzima ya namna hiyo hufanya kazi ambayo "pili" haiwezi. Swali nalo ni kiunganishi kizuri mno, tena wanafunzi hawalijui hilo: "Lakini oksijeni inapenyaje kuingia kwenye damu?" Darasa zima huinua macho.

Na "kwanza" uichunge. Ukishasema "kwanza", watu wanakaa wakisubiri "pili". Wanafunzi wengi husema "kwanza kabisa", wakanogewa na maelezo, na "pili" haionekani hadi makofi yanapopigwa. Bora mtu aseme mapema, "Kuna sababu mbili," kisha azitaje zote mbili kwa majina kabla ya kuzifafanua.

Kuhusu makosa madogo madogo, sitakuchosha. "Bali" hutaka ukanushi utangulie: popo si ndege bali ni mnyama anayenyonyesha. "Aidha" isitumike mahali pa "ama". "Ingawa" ikifuatwa na "lakini" katika sentensi hiyo hiyo, kwenye maandishi nitaikata. Kwenye mazungumzo naiachia, kwani mzungumzaji anayetafuta njia yake hewani ana mambo mazito zaidi ya kumsahihisha. Utitiri wa "halafu" nao usiupige marufuku. Mwambie mwanafunzi ajirekodi kwa simu, ajisikilize, kisha ajaribu kuisema sehemu hiyo hiyo kwa -ka-. Atashangaa nusu ya "halafu" zake zilikuwa hazina kazi.

Pumzi pia ina nafasi yake. Wengi hutamka kiunganishi halafu husimama wakitafuta mstari kwenye karatasi: "kwa sababu..." kimya "...mwezi uko karibu nasi." Msikilizaji anabaki ananing'inia. Wazoeze kusimama kabla ya kiunganishi na kukiunganisha na kinachokifuata. Nitakubali ubaguzi mmoja tu, "lakini". Mtu anayejua anachokifanya anaweza kuitamka, akanyamaza, na ukumbi mzima ukamsubiri.

Kuna viunganishi vingine ambavyo katika hotuba ya kuarifu navitilia shaka hata vikitumika kwa ufasaha. "Hivyo basi hatuna budi", "ni dhahiri kwamba", "ndiyo maana sote tunapaswa". Hotuba imeanza kwa kutueleza jinsi nyuki wanavyochavusha maua, katikati imegeuka mahubiri ya kwa nini tuache dawa za kuulia wadudu. Huenda mwanafunzi ana hoja nzuri, ila hiyo ni hotuba nyingine, ya kushawishi, na ina siku yake. Mara nyingi mlango aliopitia kuhama ni kiunganishi kimoja. Ukikionyesha hicho tu, hutahitaji kumpa somo refu la aina za hotuba.

Sasa alama. Umeandika kwamba mwongozo wenu wa kusahihisha unampa alama mwanafunzi "aliyetumia angalau viunganishi vitano". Ningekuwa na uwezo ningeufuta mstari huo, maana unalipa kunyunyiza. Ukiweza, fanya hivi kando ya mwongozo: wasikilizaji wawe na karatasi tupu, na wakati hotuba inaendelea wachore walichokielewa, vitu viwe visanduku na uhusiano uwe mishale. Hakuna kuandika sentensi. Mwisho mzungumzaji aone michoro ya wenzake. Pale ambapo watu wameweka visanduku viwili bila mshale kati yake, ndipo kiunganishi kilipokosekana. Pale ambapo mmoja ameuelekeza mshale kushoto na mwingine kulia, ndipo kiunganishi kilipopotosha. Hakuna maneno yangu au yako yatakayomshawishi kama michoro hiyo. Ikibidi umpe na zile alama za viunganishi vitano, mpe, ila kazi yenyewe itakuwa imefanyika karatasini.

Nimeisoma pia hotuba ya kupatwa kwa jua uliyoniambatishia, ya yule mwanafunzi unayesema ni hodari ila "hashikiki". Ni hodari kweli. Anasema mwezi huizunguka dunia, kwa hiyo hupita kati ya dunia na jua, kwa hiyo kivuli chake hutuangukia, kwa hiyo jua hupatwa. Hizo "kwa hiyo" tatu zimepanda ngazi vizuri, lakini mwisho zimemfikisha pabaya: kwa maelezo yake, jua lingepatwa kila mwezi unapoandama. Usimsahihishie. Msomee mpaka hapo kwa sauti, kisha umuulize kama mwezi uliopita ulipoandama alikiona kivuli. Akishtuka, mwelekeze asome kuhusu njia ya mwezi, iliyoinama kwa takriban nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya dunia kuzunguka jua, hivyo mara nyingi kivuli hupita juu au chini yetu. Hotuba yake inahitaji "lakini" moja, na anaihitaji kabla ya ile "kwa hiyo" ya pili. Akiipata mwenyewe, niandikie aliisemaje.

Wasalimie wote hapo kwako.

Ni mimi mwenzako katika chaki.