Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu: tupe tarehe ya kuziba matundu ya seva za majina

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Pokea salamu na heshima zetu. Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizoleta ofisini kwako zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na hadi leo hatujapata jibu. Sisi ni mafundi tunaoendesha seva za majina, mashine zinazopokea jina la tovuti na kurudisha anwani yake ya namba. Hakuna barua pepe inayofika wala malipo ya mtandaoni yanayopita bila kuanzia kwetu.

Tarehe 22 Oktoba 2025, taasisi ya ISC inayotengeneza BIND, programu ya seva za majina iliyoenea kuliko nyingine nyingi, ilitangaza matundu matatu kwa mpigo, yaani kasoro za kiusalama zinazompa mvamizi njia. Viraka, yaani marekebisho ya kuziba kasoro hizo, vilitoka siku hiyohiyo, ndani ya matoleo 9.18.41, 9.20.15 na 9.21.14. Ofisi yako ikatoa tangazo la kuwataka watoa huduma wachukue tahadhari. Mheshimiwa, tahadhari haizibi tundu. ISC yenyewe ilisema wazi kwamba haijui njia nyingine ya kujikinga zaidi ya kusasisha.

Turuhusu tueleze kilichomo, maana tunahofu hujaelezwa.

Tundu la kwanza, lililosajiliwa kwa namba CVE-2025-40778, linatokana na BIND kuwa nyepesi mno kupokea rekodi ambazo haikuziuliza. Seva inauliza anwani ya jina moja, jibu linarudi limebeba na rekodi za pembeni, na katika mazingira fulani rekodi hizo zinaingia kwenye kache, akiba ya majibu ya seva, kana kwamba ni za kweli. La pili, CVE-2025-40780, liko kwenye kinachozalisha namba za kubahatisha: mvamizi anaweza kukisia poti, yaani namba ya mlango, ambayo seva itatumia na namba ya utambulisho wa swali. Yote mawili yamepewa alama 8.6 za ukali kati ya 10. La tatu, CVE-2025-8677, linaichosha prosesa kwa rekodi za funguo zilizoharibiwa makusudi.

Hilo la pili ndilo linalotunyima usingizi. Namba ya utambulisho wa swali ina biti 16, yaani uwezekano 65,536 tu. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha kwamba kinga hiyo peke yake ni dhaifu, kwa kuwa mvamizi anaweza kumwaga majibu ya uongo mfululizo hadi moja likubaliwe. Dawa iliyotolewa Julai mwaka huo ilikuwa kubadilisha poti ya kutokea kwa kila swali, ili mvamizi abahatishe vitu viwili kwa wakati mmoja na uwezekano ufike mabilioni. Namba hizo zikianza kukisika, tumerudi kulekule kabla ya 2008.

Na sumu, yaani rekodi ya uongo, ikishaingia kwenye kache haitoki upesi. BIND isipopangiwa vingine inaweza kushika rekodi hadi sekunde 604,800, yaani wiki nzima. Wiki nzima mteja anaandika jina sahihi la benki yake na kupelekwa kwingine, huku fundi wa benki akikagua mashine zake na kuzikuta salama, kwa sababu kilichochafuka ni kache ya mtoa huduma wa intaneti.

Katika kikao cha wadau uliahidi, Mheshimiwa, kwamba ndani ya robo moja ya mwaka utatoa waraka wenye muda wa lazima wa kuweka viraka. Robo nne zimepita. Tulikupigia makofi siku ile. Tunakukumbusha kwa sababu wapo watu walioamini ahadi hiyo wakaacha kubanana na wakubwa wao wa kazi, wakisema waraka unakuja.

Tunavyoona sisi, tatizo halitokani na uhaba wa fedha. BIND ni bure, Unbound, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni bure, na kiraka chenyewe ni bure. Huenda chanzo ni kwamba seva ya majina hufanya kazi kimya miaka na miaka. Aliyeiweka ameshahama, aliyeikuta anaogopa kuigusa, na hakuna meneja anayeulizwa habari zake mpaka siku inapozimika. Ndiyo maana bado tunakuta BIND 9.11 na 9.16 kazini. ISC iliacha kuihudumia 9.11 mwaka 2022 na 9.16 mwaka 2024. Tundu la kwanza la Oktoba, CVE-2025-40778, limo humo pia, na kutoka kwa ISC hakuna kiraka kitakachokuja.

Hapa tuwe waadilifu. Baadhi ya mifumo endeshi hubakiza namba ya zamani ya toleo na kupachika kiraka kwa ndani. Mkaguzi wako asimhukumu mtu kwa kusoma 9.16 tu, aombe namba kamili ya kifurushi na orodha ya mabadiliko yake. Vilevile asidanganyike na seva iliyoficha toleo lake. Mvamizi hahitaji kuuliza toleo. Anatuma pakiti, basi.

Tena mkaguzi aende mbali kidogo, kwa sababu makosa mawili tunayakuta kila mara. La kwanza: fundi anasasisha kifurushi, anaandika kwenye ripoti kwamba kazi imekwisha, lakini programu iliyoko kwenye kumbukumbu ya mashine ni ileile ya zamani. Amri ya named -v inaonyesha toleo lililoko kwenye diski. Amri ya rndc status inaonyesha toleo linalofanya kazi sasa hivi na tarehe lilipowashwa. Majibu hayo mawili yakitofautiana, kiraka hakijaanza kazi. Na rndc reload haisaidii, maana inasoma upya mipangilio na vikoa, yaani majina ya tovuti ambayo seva inayahifadhi, tu. Lazima huduma izimwe na kuwashwa upya, jambo ambalo lina faida nyingine: kache iliyokwisha kuchafuliwa inafutika.

La pili ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio:

query-source address * port 53;

Mstari huu uliandikwa zamani ili kurahisisha kazi ya ukuta wa moto, na umenakiliwa kutoka seva hadi seva. Unailazimisha BIND kuuliza kila swali kwa poti 53 ileile. Ukiwepo, dawa ya 2008 imetupwa, hata kama toleo ni la jana. Ufutwe. Kisha maswali yanayotoka yatazamwe kwa tcpdump, programu ya kunasa pakiti zinazopita, nje ya ukuta wa moto na si kwenye seva yenyewe, kwa sababu vipo vifaa vya kutafsiri anwani vinavyopokea poti zilizochanganywa na kuzitoa zikiwa zimepangwa moja baada ya nyingine. Ukiona 1025, 1026, 1027 zikifuatana, kosa liko kwenye kifaa hicho.

Tumesikia pia kwamba wapo waliozima uhakiki wa sahihi za DNSSEC, zinazothibitisha kwamba jibu ni la kweli, tangu Februari 2024, ulipotangazwa udhaifu wa KeyTrap. Ni kweli ulitisha: pakiti moja iliweza kuishughulisha seva kwa saa nyingi, hadi 16 kwa BIND, ikijaribu funguo nyingi dhidi ya sahihi nyingi. Lakini tundu hilo lilizibwa kwenye BIND 9.18.24 na Unbound 1.19.1. Aliyezima uhakiki akasahau kuurudisha amejivua kinga ambayo ingemsaidia dhidi ya sumu ya Oktoba. Tunaomba ofisi yako iwaambie waurudishe.

Usidhani hili ni la BIND peke yake. Mwaka 2020 seva ya majina ya Windows ilikutwa na tundu la SIGRed, CVE-2020-1350, lenye alama 10 kamili, likiwa limekaa humo miaka 17. Mwaka 2021 yalifichuliwa matundu saba ya dnsmasq, programu iliyomo ndani ya ruta nyingi za majumbani. Yalizibwa kwenye toleo 2.83, ila ruta haijisasishi yenyewe kama mtengenezaji hakuipangia. Na wenye seva zinazohifadhi vikoa wakumbuke CVE-2015-5477: pakiti moja ya TKEY, ombi la kubadilishana funguo, iliifanya BIND ijizime, na orodha za kuruhusu na kuzuia hazikuwa kinga, kwa kuwa pakiti ilishughulikiwa kabla hazijaangaliwa. Seva mbili za kikoa kimoja zenye programu moja na toleo moja zinaanguka pamoja. Tumelisema hili mara ngapi? Weka BIND huku, weka programu nyingine kama NSD au Knot kule.

Mheshimiwa, tulikuwa na orodha ndefu ya maombi: kutenganisha seva za kache na seva za vikoa, kufunga seva zinazomjibu kila anayeuliza duniani, kuwa na namba ya dharura kwa kila mtoa huduma. Tunayaweka pembeni yote. Tunaomba kimoja. Toa waraka wenye tarehe. Udhaifu wenye alama 7 na kuendelea, siku saba tangu kiraka kitoke. Unaobaki, siku thelathini. Kila mtoa huduma alete matokeo ya rndc status ya seva zake zote, au ya amri inayolingana nayo kwa anayetumia programu nyingine.

Ukurasa mmoja unatosha. Rasimu tumekwisha kuiandika na tumeiambatanisha na kila barua tuliyokuletea. Nafasi ya tarehe tumeiacha wazi kwa ajili ya mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.

Mafundi wa seva za majina