Usaili usiwe mtihani wa ung'eng'e

Mhariri,

Usaili mwingi wa kazi hapa nchini huanza na "jieleze kwa Kiingereza", na dakika mbili hizo ndizo huamua. Msailiwa akikwama hapo, hata akijibu vizuri maswali ya fani, wasaili wameshamshusha vichwani mwao.

Matamshi yanayochekwa mara nyingi ni athari ya lugha ya kwanza tu. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Ndiyo maana "hat", "hut" na "heart" kwetu hutoka "hati" zote tatu, na "milk" ikawa "miliki", kwa kuwa silabi zetu hupenda kuishia na irabu. Mfaransa akisema "zis" badala ya "this" tunamsifu ana lafudhi tamu!

Usaili upime kazi yenyewe kwanza. Mfano, fundi umeme apewe tester (kifaa cha kupimia umeme), ubao wenye swichi mbili na balbu isiyowaka, atafute hitilafu ndani ya dakika 15 huku akieleza kwa lugha aitakayo. Alama ziandikwe hapo hapo, kabla ya mahojiano. Zikisubiri, ulimi huzifuta. Kwa kazi inayodai Kiingereza kweli, mfano kujibu wateja wa nje, mpeni kompyuta na barua moja ya malalamiko aijibu. Mpimeni kama ameeleweka. Kwenye mahojiano, matamshi yakatwe alama pale tu msikilizaji aliposhindwa kuelewa, na aliyekata aandike ni neno gani.

Msomaji wenu,
Morogoro