Mwambie fundi aezeke

Golders Green, London
Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na mama mfikishie zake. Mimi sijambo, ila baridi imeshaanza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema jirani wa mbele ameshapandisha ghorofa na kutia vioo vya buluu, na watu wanakuuliza: huyo mwenzio wa London, miaka 6 yote, hela zake zinakwenda wapi? Ukanishauri tubadilishe ramani, nikope huku, na sisi tupandishe. Najua umeyasema kwa uchungu wa kunipenda, maana aibu yangu unaivaa wewe uliyeko mtaani. Basi nisikilize kwa utulivu, kwani jibu langu limetoka kwa yule bibi ninayemtunza.

Nilishakwambia ni Myahudi, mshika dini hasa. Kila asubuhi namvisha viatu, na kuvaa viatu kwao kuna utaratibu: wa kulia kwanza bila kuufunga kamba, kisha wa kushoto, halafu kufunga kunaanzia kushoto. Tukishamaliza anasema maneno machache ya Kiebrania. Siku moja nikamuuliza maana yake. Akasema, "Namshukuru Mungu aliyenitimizia haja zangu zote." Nikatazama chumba kile. Kitanda, rafu ya vitabu, kiti cha magurudumu, na miguu niliyoishika mkononi imevimba kama mihogo. Haja zote? Akaniambia mwenye viatu anaweza kutoka akatafute vilivyobaki. Siku ya Yom Kippur, wanapofunga kula na kunywa kutwa kucha, hawavai viatu vya ngozi, na kwa desturi ya kwao siku hiyo dua ile haisemi.

Lakini lililonigeuza moyo ni la chooni, na kwa kuwa wewe ni somo yangu nakuandikia waziwazi. Akishamaliza haja, nikamsafisha na kumnawisha mikono, ananishika bega, anasimama pale pale mlangoni na kumshukuru Mungu aliyemuumba binadamu kwa hekima, akamtia matundu na mishipa, ambayo mmoja ukipasuka au mmoja ukiziba, mtu hawezi kusimama. Anayasema polepole, neno kwa neno, wala hajapata kuyaharakisha hata saa nane za usiku. Mjukuu wake anasema dua hiyo imeandikwa katika Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mafundisho ya dini, kwa jina la Abaye, mwanachuoni wa Babeli wa karne ya 4. Na huyu Abaye, somo, alikuwa yatima wa baba na mama. Alilelewa na yaya, akawa akimtaja darsani, "mama aliniambia hivi, mama aliniambia vile." Niliposikia hayo nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Kazi hii yetu ya kuogesha na kulisha, imo ndani ya vitabu vyao vikubwa.

Sisi nasi tuna shukrani zetu, tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo. Sikosi kusema alhamdulillahi. Lakini nilikuwa naisema huku kichwani nahesabu mifuko ya saruji.

Unakumbuka kisa cha mana na salwa, chakula walichoteremshiwa Wana wa Israili jangwani? Katika Torati yao kimeelezwa kirefu. Kila mtu aliokota pishi yake ya siku, na aliyeokota kingi hakuzidishiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliolimbikiza hadi asubuhi walikuta kimeoza, kina mabuu. Ijumaa tu ndiyo waliruhusiwa mara mbili, ndiyo maana mezani kwa bibi siku ya Sabato pana mikate miwili, imefunikwa kitambaa. Basi Ijumaa, dakika 18 kabla ya jua kuzama, anawasha mishumaa. Mwezi wa Desemba huku hiyo ni kama saa tisa na nusu alasiri! Kabla ya hapo ananipa pochi yake niiweke kwenye droo. Mpaka Jumamosi usiku hashiki senti, hauzi, hanunui, wala hazungumzi bei ya kitu. Mimi si dini yangu, hakuna aliyenikataza simu. Nilianza kuizima mwenyewe, maana ndiyo siku niliyokuwa nakesha natazama picha za nyumba za watu. Jumamosi ya kwanza niliona tabu. Ya tatu nililala mchana kama mtoto.

Kuna mwanachuoni wao wa kale, Ben Zoma, maneno yake yamo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao ya kale, iliyokusanywa kule Galilaya yapata mwaka 200. Aliuliza: tajiri ni nani? Akajibu: anayefurahia fungu lake. Mjukuu ndiye aliyenitafsiria kwa Kiingereza, lakini lilipofika kwangu likawa Kiswahili kabisa, fungu! Nikayaona mafungu ya dagaa pale sokoni Mgandini, na sisi wawili tumeinama, tumeshalipa letu, macho yetu yapo kwenye la mwenzetu.

Usidhani nimeambiwa nipende ufukara. Hawa watu hawausifu umaskini hata kidogo. Musa bin Maimuni, yule tabibu wao aliyeishi Misri, alipanga daraja 8 za sadaka, na ya juu kabisa ni kumwinua mtu kwa mkopo, ubia au kazi, ili asihitaji kuomba tena. Na hata maskini anayeishi kwa sadaka, naye anatakiwa atoe sadaka. Hilo limenikaa sana. Ina maana hakuna asiye na cha kutoa, hata akiwa na kidogo.

Na chakula je? Torati imesema ukila ukashiba, mshukuru Mungu. Wao wanashukuru hata kwa kipande cha mkate ukubwa wa zeituni. Bibi siku hizi hali zaidi ya hapo. Anamega, anatafuna, anafumba macho, kisha anasoma shukrani ndefu kuliko chakula chenyewe. Namtazama, na naamini ameshiba.

Kwa hiyo ghorofa hapana, na mkopo sikopi. Mwambie fundi apige lenta, atie kenchi, aezeke bati vile vyumba 3, basi. Nitakaa humo. Nilizoweka kwa ajili ya vigae vya sebuleni nitakutumia mwisho wa mwezi, uongeze kile cherehani cha pili ulichokuwa ukikisema. Tuwe wabia, nusu kwa nusu. Si msaada, usiniandikie barua ya kunishukuru, niandikie hesabu. Wakiuliza hela zinakwenda wapi, waoneshe cherehani.

Jambo la mwisho. Umesema mama siku hizi hatoki, miguu inavimba na ndara zinambana. Hapa barabarani pana duka la viatu vya wazee, vipana, vya kufunga juu kwa mkanda wa kunata, si kwa kamba. Msimamishe juu ya karatasi jioni, wakati miguu imejaa, uchore yote miwili kwa penseli, kisha unitumie karatasi yenyewe kwa mtu anayekuja. Picha ya simu haitoshi, itapotosha kipimo.

Nduguyo,
somo yako